Watumiaji Watatu wa Ziada

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Waliowahi kuishi humo wamenihakikishia hivyo kwa kiapo, huku wakigeuka kutazama nyuma. Kwa hiyo msomaji akikuta humu jambo analolijua, asiilaumu hadithi, akapimwe macho.

Katika nchi hiyo palikuwa na kiwanda cha maziwa, na kiwandani humo alifanya kazi mwanamke mmoja mrefu, mkimya, aitwaye Sekela Mbuguje. Alikuwa mtunza seva. Seva, kwa asiyeijua, ni kompyuta ambayo hakuna mtu anayekaa mbele yake. Kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Ile ya kiwanda ilikaa katika chumba kidogo kando ya matangi, na ndiyo iliyojua maziwa ya mfugaji gani yamepokelewa, tangi gani lipozwe na gari gani liende wapi. Sekela alikuwa ameitunza kwa miaka minane. Kila asubuhi alisimama kwanza mlangoni akasikiliza mlio wa feni zake, na kwa mlio huo tu aliweza kukwambia kama siku itakwenda vizuri.

Programu iliyoiendesha seva hiyo ilitumika kwa leseni. Leseni ilisema viini vingapi vya prosesa, yaani vijibongo vingapi vya seva, vinaruhusiwa kufanya kazi. Kisha ilisema ni watumiaji wangapi wanaruhusiwa kujiunga. Katika nchi nyingine mambo haya huachiwa wenye biashara na wenye programu, wakaandikiana barua za kuudhiana. Serikali ya nchi hii iliwapenda mno wananchi wake, hata isiweze kuwaachia usumbufu wa barua. Iliunda Wizara ya Leseni, ikaipa jengo la ghorofa kumi na moja, magari sita ya deraya na nyundo elfu nne.

Sheria yenyewe ilikuwa na huruma. Biashara ikikutwa na watumiaji wengi kuliko leseni yake, ilikuwa na njia mbili: kuongeza leseni, au kupunguza watumiaji.

"Tumewapa uhuru wa kuchagua," Waziri alisema redioni siku ya uzinduzi. "Nitajieni nchi nyingine yenye uhuru wa aina mbili."

Hakuna aliyeitaja.

*

Sekela hakuitia sheria hiyo maanani mpaka Jumanne moja, saa nne asubuhi, deraya iliposimama mbele ya kampuni ya udobi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Pembeni yake alisimama Mzee Tadei, mpima maziwa, mtu wa miaka sitini na minne aliyewekewa betri ya moyo mwaka uliopita na ambaye tangu hapo alitembea taratibu kama mtu aliyebeba mayai kifuani.

Waliwaona askari kumi wakishuka. Waliwaona wafanyakazi wa udobi wakitolewa nje na kupangwa mstari kando ya kamba za nguo. Ofisa mmoja alisoma karatasi kwa sauti ya upole, akahesabu vichwa, akasoma tena karatasi. Kisha askari wakaleta ubao wa kupigia pasi, wakausimamisha uani, na kumwita mwanamke wa kwanza.

Kwa mbali ilionekana kama anaonyeshwa kitu mezani. Aliweka viganja vyake juu ya ubao kwa utii. Nyundo iliposhuka, sauti yake haikuvuka barabara. Iliyovuka ni sauti ya yule mama. Wakamweka kando, wakaita wa pili. Mwanamume wa tatu alijaribu kukimbia. Walimpiga risasi ya goti kwanza, wakamburuta hadi kwenye ubao, wakamalizia vidole vyake kwa utaratibu uleule, kimoja kimoja, kwa sababu risasi ya goti haikuwamo kwenye hesabu ya leseni. Wa nne alikwenda mwenyewe.

Walipoondoka, mashuka meupe yaliyokuwa kwenye kamba yalikuwa na madoa ambayo hata kampuni ile, iliyosifika mji mzima, haikuweza kuyatoa.

"Wamefanya nini hawa watu?" Mzee Tadei aliuliza.

"Leseni yao ni ya watumiaji kumi na wawili," Sekela alisema. "Wako kumi na sita."

"Na sisi?"

Sekela aliweka kikombe chini. "Yetu ni ya ishirini. Tuko ishirini na watatu."

Kesho yake gazeti la serikali liliandika: WANNE WAPUNGUZWA KITAALAMU. Chini ya picha ya nyundo iliyooshwa palielezwa kwamba mtu asiye na vidole hawezi kubonyeza herufi, na asiyeweza kubonyeza herufi si mtumiaji tena bali ni mwananchi wa kawaida, jambo ambalo ni heshima.

*

Alhamisi Sekela alikwenda Wizarani kuomba leseni iongezwe. Ghorofa ya kwanza hadi ya kumi zilikuwa za Idara ya Upunguzaji: mlangoni palikuwa na maua, ngazi zilikuwa na zulia, na wahudumu walisalimia. Idara ya Uongezaji ilikuwa kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya kumi na moja, nyuma ya tangi la maji. Watu wapatao arobaini walikuwa wamesimama humo. Wengine walikuja na viti vyao.

Mwanamume aliyekuwa mbele yake, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alipofika dirishani aliuliza swali moja tu: "Naomba kufafanuliwa, mtumiaji ni nani hasa?"

Karani hakumjibu. Aligonga kengele. Askari wawili wakaja, wakamshika mwenye duka kwa kola na kumgonga uso kwenye kingo ya dirisha, mara tatu, bila hasira, wakamlaza kando ya ukuta ambako walikuwa wamelala wengine waliopenda ufafanuzi. Meno yake mawili yalibaki dirishani. Karani aliyasukuma kwa rula.

"Anayefuata."

Sekela alisogea. Alikuwa amekuja na maswali manne, akayameza yote.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuongeza watumiaji watatu. Kiwanda cha Maziwa."

"Marahaba," karani alisema, akimtazama kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kwa haki. "Binti, nikueleze ukweli kwa sababu una adabu. Kuongeza kunahitaji sahihi saba, na mmoja wa hao saba alifariki mwaka juzi, bado hajateuliwa mwingine. Kupunguza kunahitaji nyundo moja. Wewe unadhani serikali ipi isingechagua lililo rahisi?"

"Nimekuelewa, mama. Je, hatuwezi kuwafuta hao watatu kwenye orodha? Ni kubonyeza mara moja tu."

Karani aliangalia kushoto na kulia. "Hilo usilirudie. Kumfuta mtumiaji bila nyundo kunaitwa upunguzaji wa kienyeji. Mtunza seva wa kiwanda cha viberiti aliwafuta watano kwa njia hiyo. Walimchomea mlemle ndani ya chumba cha seva, kwa bidhaa za kampuni yake."

Akampa kitabu cha sheria, kurasa mia nne, akagonga muhuri juu ya jalada: AMEJITOKEZA.

*

Aliporudi kiwandani alikwenda moja kwa moja kwa mwenye kiwanda. Mzee Burhani Lukwaro alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na alipenda kuwaita wafanyakazi wake wanangu, hasa anapotaka kuwafanyia jambo baya.

"Bosi, orodha ina majina ishirini na matatu," Sekela alisema. "Lakini watu wanaokuja kazini ni ishirini na mmoja. Wawili hawa sijawahi kuwaona. Melania Lukwaro, mshauri. Kelvini Lukwaro, mshauri msaidizi."

"Mke wangu na mwanangu," alisema Mzee Lukwaro. "Wanashauri kutokea ng'ambo."

"Hawajawahi kuingia kwenye seva hata mara moja. Kama ungewaandikia Wizara kwamba watu hawa hawapo—"

"Sekela, mwanangu." Aliinuka, akafunga mlango. "Hao ndio uti wa mgongo wa kiwanda hiki. Nikiandika kwamba hawapo, nitaulizwa mshahara wao huenda wapi. Tafuta watatu wengine. Chagua wasio na watoto. Au wenye watoto wakubwa, wa kuwasaidia kula."

Sekela alitoka akakaa chumbani kwake na seva. Alianza kuyapitia majina ya watu ishirini na mmoja, na kila jina lilikuja na sura: dereva aliyekuwa anajenga, dada wa maabara aliyepiga gitaa kanisani, Mzee Tadei aliyeandika tarakimu zake kwa mwandiko wa shule za zamani. Alipogundua kwamba kweli anachagua, alikwenda bombani kunawa mikono.

Aliporudi akafungua kitabu cha sheria.

Alikisoma siku nne. Alikisoma kama ambavyo hakuna aliyekisoma, hata waliokiandika, na kwenye ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili alikuta kifungu kifupi kilichojificha kati ya adhabu mbili. Kilisema mwenye biashara anaweza kuchagua leseni yake ihesabiwe kwa mtumiaji au kwa mashine. Ikihesabiwa kwa mtumiaji, kila mtu anahesabika, hata akitumia mashine kumi. Ikihesabiwa kwa mashine, kila mashine inahesabika, na watu wanaoikalia kwa zamu hawaulizwi idadi.

Kiwanda kilikuwa na kompyuta tisa.

Sekela alisoma kifungu hicho mara nane. Kisha akamwita Mzee Tadei, kwa sababu alihitaji mtu wa kumwambia.

"Mashine tisa kwa leseni ya ishirini," alisema. "Tumebaki na nafasi kumi na moja, baba. Hakuna wa kuguswa."

Mzee Tadei alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshaamua kujitolea. Nilishaanza kujizoeza kula kwa kushika kijiko kwa kiwiko."

Walicheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu waliopona. Mchana huohuo Sekela aliandika tamko, Mzee Lukwaro akatia sahihi bila kulisoma, na barua ikapelekwa Wizarani.

*

Wizara ilifika Jumatatu ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Deraya mbili ziliingia getini bila kusubiri lifunguliwe. Mlinzi alikuwa nyuma ya geti hilo, akabaki chini yake. Aliyeongoza msafara alikuwa Kapteni Filibati Ngwandu, Mkaguzi Mkuu wa Viini, mwanamume mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa. Aliwakusanya wafanyakazi ukumbini kati ya matangi, akapanda juu ya kreti la maziwa.

"Ndugu wananchi watumiaji," alisema. "Wapo wanaosema Wizara yetu inaumiza watu. Huo ni uzushi. Wizara inahesabu. Maumivu ni jibu tu la hesabu, na hesabu mmeileta ninyi. Tuanze na viini."

Sekela alimwongoza hadi chumba cha seva, akamkabidhi karatasi ya prosesa. "Prosesa mbili, afande. Kila moja ina viini vinane. Leseni yetu ni ya viini kumi na sita. Tuko sawa."

"Nionyeshe."

"Imeandikwa hapo, afande."

"Nimeona maandishi. Nionyeshe viini."

"Havionekani kwa macho. Ni vidogo sana, viko ndani."

Kapteni alimtazama kama mtu anayetazama muuza nyama anayekataa kufungua friji. Akanyoosha mkono, askari akampa shoka. Alipiga seva mara ya kwanza, feni zikalia. Mara ya pili, cheche zikaruka hadi darini. Mara ya tatu mlio ukakatika, na kwa mara ya kwanza kwa miaka minane chumba kile kikawa kimya. Aliingiza mkono akang'oa prosesa zote mbili, akaziweka sakafuni, akazipondaponda kwa nyundo ndogo na kupiga magoti kutafuta viini kwenye unga.

"Kumi na sita," alisema hatimaye, akijipangusa magoti. "Mko sahihi. Hongereni."

Nyuma ya ukuta matangi ya maziwa yaliacha kupoa. Sekela alisimama akiwa ameshika fremu ya mlango. Hakujipa nafasi ya kuililia, kwa kuwa palikuwa na watu wa kuokoa.

"Seva imekufa, afande," alisema. "Hakuna tena cha kutumia. Basi hakuna watumiaji."

"Seva imekufa," Kapteni alikubali. "Leseni haijafa."

Walirudi ukumbini. Kapteni alisoma lile tamko la kuhesabiwa kwa mashine, akalisoma tena, na uso wake ukang'aa kama wa mwalimu aliyempata mwanafunzi. Alisema hakuwahi kukutana na mtu aliyefika ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Kompyuta tisa zikahesabiwa. Wafanyakazi wakaanza kushusha pumzi mmoja baada ya mwingine.

"Sasa nyingine," Kapteni alisema.

"Hakuna nyingine, afande."

"Mashine, kwa mujibu wa kanuni ndogo iliyotoka Ijumaa, ni kifaa chochote chenye programu kilichomo ndani ya eneo la seva."

Askari wakatoa simu za watu mifukoni. Zilikuwa kumi na moja. Tisa na kumi na moja ni ishirini, na Sekela, aliyekuwa anahesabu kwa midomo, alijiegemeza ukutani kwa nafuu. Ndipo askari mwenye kifaa cha kunusa umeme alipopita kwenye mstari, na kifaa kikalia mbele ya Mzee Tadei. Kililia kifuani, upande wa kushoto.

"Ni betri ya moyo," Mzee Tadei alieleza kwa unyenyekevu, kama anayeomba radhi. "Niliwekewa hospitali."

"Ina programu?"

"Sijui, afande. Inapiga tu."

"Ina programu," Kapteni alisema. "Mashine ya ishirini na moja. Ipunguzwe."

Wakamlaza juu ya meza ya kupimia maziwa, wakachana shati lake. Askari mmoja alikwenda jikoni akarudi na kisu cha jibini. Mzee Tadei hakupiga kelele. Alimtafuta Sekela kwa macho, na alipompata alitikisa kichwa kidogo, kumwambia asijilaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Sekela kuliko kama angepiga kelele. Yeye ndiye aliyechagua mashine. Kwa akili yake mwenyewe, kwa siku nne za kusoma, alikuwa amemtoa mzee huyu kwenye nyundo akamweka kwenye kisu.

"Afande, ipunguzwe simu," Sekela alisema. "Vunjeni yangu. Ni mashine vilevile."

"Anayezidi ni aliyehesabiwa mwisho. Hiyo ndiyo haki."

Ncha ya kisu ilikuwa imeshachora mstari mwekundu juu ya kovu la zamani. Damu ikateremka mbavuni na kuingia kwenye mfereji wa maziwa.

"Kifungu kilekile," Sekela alisema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. "Aya ya pili. Mwenye leseni anaweza kubadili namna ya kuhesabiwa wakati wowote kabla upunguzaji haujakamilika. Tunarudi kwa watumiaji."

Askari mwenye kisu alimtazama mkubwa wake. Kapteni aliomba kitabu, akafunua, akasoma polepole huku akifuatisha mstari kwa kidole.

"Kweli," alisema. "Mwondoeni mezani. Watumiaji ishirini na watatu, leseni ya ishirini. Nitajie watatu."

Watu waliangalia viatu vyao. Mzee Lukwaro, aliyesimama karibu na mlango wa ofisi yake, alikuwa anamwonyesha Sekela kwa nyusi dada wa maabara.

"Melania Lukwaro," Sekela alisema. "Kelvini Lukwaro. Na mimi."

"Waje mbele."

"Wawili wa kwanza hawajawahi kufika hapa, afande. Wanashauri kutokea ng'ambo. Anayewapokelea kila kitu chao ni bosi wetu."

Kapteni aligeuka. Mzee Lukwaro alianza kusema kwamba kuna kutoelewana, kwamba wanawe hawa wote ni kama vidole vya mkono wake. Kapteni alisema anashukuru kwa maelezo hayo, maana ndiyo hasa aliyokuwa anayatafuta.

"Anayepokea kwa niaba, hupunguzwa kwa niaba," alisema. "Mtumiaji mmoja ni vidole kumi. Wawili ni ishirini."

"Mimi ninavyo kumi tu," Mzee Lukwaro alisema, akirudi nyuma.

"Mvueni viatu."

Walimshika watu wanne. Kwa mkono wa kulia alibembeleza. Kwa wa kushoto alitaja majina ya wakubwa anaowafahamu. Walipofika miguuni alikuwa amebaki na sauti moja tu, nyembamba, isiyo na maneno, na ilipokatika alikuwa amezimia. Askari waliendelea kwa uaminifu. Mtu aliyezimia alihesabiwa sawa na mtu mwingine yeyote, serikali haikuwa na ubaguzi.

Kisha zamu ya Sekela. Alikwenda mwenyewe. Meza ilikuwa na damu ya Mzee Tadei na maziwa. Aliweka mikono, akavitandaza vidole, akaviangalia kwa dakika moja: vidole virefu, vyenye kovu dogo la waya wa moto. Hakufumba macho. Pigo la kwanza alilisikia kama mlio kabla halijawa maumivu. La pili lilikuwa maumivu tangu mwanzo. Aliuma ulimi, akahesabu pamoja na askari, na alipofika saba magoti yalimwachia, lakini Mzee Tadei alikuwa amekuja nyuma yake kwa kujiburuta, akamdaka kwa kifua chake chenye damu na kumshikilia hadi kumi.

*

Siku ya tano Sekela alikuwa kitandani hospitali, mikono yote miwili imefungwa plasta ngumu hadi kwenye viwiko. Mzee Tadei, ambaye kovu lake lilishonwa upya, alikuwa amekaa kando akimlisha uji kwa kijiko. Hawakuwa na mazungumzo mengi. Alimwambia maziwa yote yaliharibika, mlinzi alizikwa jana, na dada wa maabara amekuja mara tatu akamkuta amelala.

Ndipo akaingia Bwana Onesmo Pazi, Afisa Ufuatiliaji wa Wizara kwa wilaya nzima, na mkoba wa ngozi. Nje ya mlango alimwacha askari mmoja. Alikuwa amekuja na Hati ya Utii, ili Sekela athibitishe kwamba amepunguzwa kwa ridhaa na ameridhika na huduma.

"Atie sahihi hapa," alisema.

Mzee Tadei alionyesha zile plasta. "Atatia kwa kidole gani, bwana mkubwa?"

"Hilo limezingatiwa," Bwana Pazi alisema, akamwekea Sekela kalamu mdomoni.

Sekela alikuwa amechoka. Alitaka mtu huyu aondoke ili amalizie uji. Akaishika kalamu kwa meno, akainamisha kichwa, akaandika jina lake, herufi moja moja, kwa mwandiko uliosomeka vizuri.

Bwana Pazi aliitazama sahihi ile kwa muda. Akavuta kiti.

"Unaweza kuandika kwa mdomo," alisema. "Basi unaweza pia kubonyeza herufi kwa mdomo."

Akairudisha hati mkobani.

"Hii ina maana upunguzaji haukukamilika. Itabidi nione una meno mangapi. Fungua."

Sekela alimtazama Mzee Tadei. Mzee aliweka bakuli la uji juu ya kabati dogo la kando, taratibu, lisimwagike. Sekela akafungua mdomo.

Bwana Pazi aliingiza kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, akaanza na magego, akihesabu kwa sauti. Alipofika tisa Sekela alifunga meno. Aliyafunga kwa nguvu yote ya siku tano, na ya mlinzi, na ya wale wanne wa udobi, na hakuyafungua Bwana Pazi alipolia, wala alipompiga ngumi ya sikio, wala alipomvuta hadi wote wawili wakaanguka sakafuni na plasta moja ikapasuka. Aliyafungua aliposikia mfupa umeachana na mfupa. Kisha akatema.

Askari wa mlangoni alikuwa ameingia na bunduki mkononi.

"Mkamate," Bwana Pazi alisema, uso mweupe kama ukuta. "Andika mashtaka. Kumpunguza afisa wa serikali."

"Siwezi kuandika mashtaka, afande," askari alisema. "Mashtaka yanaingizwa kwenye seva ya Wizara."

"Basi yaingize."

"Mimi si mtumiaji. Kwa wilaya yote mtumiaji ni wewe peke yako."

Bwana Pazi aliangalia mkono wake. Alikuwa mtu wa cheo, na kama watu wote wa vyeo nchini humo, maisha yake yote alibonyeza herufi kwa kidole kimoja tu, kile.

Askari alifikiri kidogo, akifuata sheria kama alivyofundishwa. Jambo ambalo halijaingizwa kwenye seva halijatokea. Na ambalo halijatokea, hakuna wa kukamatwa kwa ajili yake. Alimshika Bwana Pazi kwapani, akamwinua, akamwongoza nje kwa upole kuelekea wodi ya wanaume. Mlangoni alirudi, akakiokota kidole kwa leso, akawasalimia kwa kichwa na kwenda zake.

Mzee Tadei alimsaidia Sekela kurudi kitandani. Alimwekea mto mgongoni. Akalowesha kitambaa kwa maji, akamfuta damu midomoni na kidevuni, kwa makini, kama alivyokuwa akifuta vipimo vyake vya maziwa.

"Meno yako salama?"

"Moja linacheza."

"Litatulia." Akalichukua bakuli, akaugusa uji kwa mdomo kuona kama bado una moto. "Ulikuwa umefika nusu."

Sekela akafungua mdomo.